Ndege ya modeli isimame kwenye ardhi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie kazi ambayo wengi hapa Dodoma huiona kuwa mchezo wa watoto, nayo ni kuunda modeli za ndege za kivita kwa skeli (kila kipimo cha ndege halisi kikipunguzwa kwa uwiano mmoja, kwa mfano mara 72 kwa skeli ya 1:72), pamoja na diorama yake, yaani kile kipande cha mandhari ambacho modeli huwekwa juu yake ili ionekane iko mahali fulani, saa fulani, miongoni mwa watu fulani. Hoja yangu ni moja. Sisi waundaji wa modeli tunaishughulikia mno ndege na kuipuuza ardhi iliyo chini yake, na kwa kufanya hivyo tunawaacha nje mafundi na askari walioiwezesha ndege hiyo kuruka. Wengi wao bado tunao na wanaweza kuulizwa, lakini umri unakwenda.

Nichukue MiG-21, ndege ambayo Tanzania ilikuwa nayo katika miaka ya 1970 na ambayo kwa sababu hiyo imo katika historia yetu wenyewe. Ilibuniwa katika Umoja wa Kisovyeti na ofisi iliyobeba majina ya Artem Mikoyan na Mikhail Gurevich, ikatengenezwa kwa maelfu, na ina mabawa ya pembetatu ambayo kutoka ncha hadi ncha hayafiki mita 7.2. Kwa skeli ya 1:72 upana huo unakuwa karibu milimita 99, na kwa skeli ya 1:48 karibu milimita 149. Baadaye nchi yetu ilipata pia F-7 za China, ambazo asili yake ni MiG-21F-13, toleo la mwanzo lenye mgongo mwembamba, ilhali MiG-21MF ina mgongo mnene na kifuniko cha kioo cha rubani kinachofungukia upande wa kulia. Anayenunua boksi la MiG-21MF, akalibandika jina la F-7 na kuliweka mbele ya wanafunzi, anawafundisha jambo lisilo kweli hata kama rangi yake inapendeza. Ndiyo maana nasema modeli iliyoundwa kwa vipimo sahihi ni aina ya kumbukumbu ya kihistoria, na inastahili uangalifu uleule tunaoutarajia kwa mtu anayeandika kitabu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona kazi hii, nieleze inavyokwenda. Vipande vya plastiki huja vikiwa vimeshikana kwenye fremu, navyo hukatwa kwa koleo ndogo na kusafishwa kwa kisu cha wembe. Gundi inayotumika ni ya maji maji, nayo haigandishi tu bali huyeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki hadi zikawa kitu kimoja. Unagusisha brashi kwenye ufa nayo inakimbia yenyewe kuufuata mstari wote. Kisha hufuata puti na msasa wa maji, kuanzia ule mkali hadi ule laini kabisa, mpaka kidole kikipita juu ya mwili wa ndege kisisikie mahali nusu mbili zilipokutana. Ndani ya koni ya pua huwekwa uzito, na risasi za nyavu za wavuvi zinafaa sana, kwa sababu bila uzito huo ndege nyingi za magurudumu matatu hukalia mkia. Ikishapigwa rangi hupakwa vanishi ya kung'aa kabla ya kuweka stika za maji, kwani stika ikilazwa juu ya rangi iliyoparara hunasa hewa chini yake na kuacha weupe usiofutika. Alama za Tanzania mara nyingi hazimo katika boksi, hivyo muundaji wa hapa hulazimika kuzichora kwa mkono, na hiyo ni kazi ya kutulia.

Hali ya hewa ya Dodoma nayo ina masharti yake. Wakati wa kiangazi hewa yetu ni kavu kiasi kwamba rangi inayopulizwa kwa kompresa inaweza kukauka kabla haijagusa plastiki, ikatua kama unga na kuufanya mwili wa ndege ukwaruze. Upepo wa miezi ya katikati ya mwaka huleta vumbi jekundu hata ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Dawa yake ni kupuliza rangi alfajiri, kumwagia maji sakafu ili vumbi litulie, na kuongeza kwenye rangi kile kimiminika cha kuchelewesha kukauka. Mafundi rangi wa magari wa mjini kwetu wanalijua jambo hili vizuri kuliko vijana wanaojifunza modeli kwa kutazama video za watu wanaoishi nchi za baridi, na ningewashauri vijana hao wakae nao siku moja gereji.

Sasa nije kwenye ardhi, ambako ndiko nilikokusudia kufika. Katika modeli nyingi ninazoonyeshwa, ndege imesimama juu ya ubao uliopigwa rangi ya kijivu, basi. Mtu ametumia wiki nzima kwenye chumba cha rubani ambacho kifuniko kikifungwa hakionekani tena, lakini hakutumia hata jioni moja kufikiria gurudumu linakanyaga nini. Wapo pia wanaotia wino mweusi katika kila mshono wa bati ili ndege ionekane imetumika, nami sikubaliani nao, kwa sababu mwanya wa milimita 3 kati ya bati na bati ukigawanywa kwa 72 unakuwa milimita 0.04, na jicho la mtu haliuoni. Uchakavu wa ndege hauanzii kwenye mishono; unaanzia chini, kwenye matairi, kwenye milango ya magurudumu, kwenye sehemu ya bawa ambayo fundi huikanyaga kila anapopanda, na kwenye tumbo ambako mafuta huvuja na vumbi kuyafuata.

Ardhi nayo ina hesabu yake. Chembe ya mchanga yenye unene wa milimita 1 ikiwekwa kwenye diorama ya 1:72 ni jiwe la sentimita 7.2, yaani jiwe la kujaa mkononi, na hakuna jeshi duniani linaloacha mawe ya namna hiyo yametapakaa mahali ambapo injini ya jeti itayavuta. Kwa hiyo udongo lazima uchekechwe kwanza kwa chekeche la unga na kisha upitishwe kwenye kitambaa chepesi, ubaki ule unaoganda kwenye vidole. Hulazwa juu ya gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, tabaka jembamba baada ya tabaka jembamba, huku kila moja likiachwa likauke. Majani marefu ya pembezoni mwa uwanja hutengenezwa vizuri kabisa kwa nyuzi za katani: uzi uliokatwa milimita 10 ni jani la sentimita 72, urefu wa nyasi zetu za kawaida baada ya masika, na rangi yake ya asili ni ileile ya nyasi zilizokauka mwezi wa Agosti. Sakafu ya zege humiminwa kwa jasi katika kitako cha mbao, ikakwaruzwa kwa rula ya chuma kuonyesha maungio ya vibamba, na kwenye maungio hayo ndipo lami hupakwa kwa brashi nyembamba, kwa unene usiolingana, maana lami ya kweli hufurika huku na kupungukiwa kule.

Hapa nina jambo la kuwaambia wenzangu wa kanda ya kati. Sote tunaupenda mbuyu, nao kwa kweli hupendeza kwenye diorama, lakini ndege za kivita za wakati ule hazikuwa na makazi yao chini ya mibuyu ya Dodoma. Vituo vinavyojulikana ni Mwanza na Ngerengere. Mwanza ni nchi ya mawe makubwa ya matale yaliyopandana na ya hewa ya ziwa. Ngerengere iko mkoani Morogoro, na uoto wake ni mwingine. Udongo mwekundu uliochotwa Chamwino au Bahi unafaa kwa diorama ya Dodoma, na zipo habari nyingi za Dodoma za kusimuliwa kwa njia hiyo, lakini kuumwaga chini ya ndege ya Mwanza kwa sababu tu uko karibu na mlango wetu ni kuipotosha picha. Anayetaka kuionyesha Mwanza amwombe ndugu au rafiki aliyeko huko ampelekee kopo moja la udongo na picha za mawe ya mtaani kwake.

Nimesema picha za mtaani kwa makusudi. Maeneo ya jeshi hayapigwi picha bila idhini, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa. Sitaki barua hii imtume kijana yeyote kwenda kuzunguka uzio wa kambi na simu mkononi. Lakini vita vya Kagera vilianza mwaka 1978, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na karibu nusu karne imepita. Yapo mengi ya wakati ule ambayo si siri tena ila hayajaandikwa popote, hasa yale madogo ambayo waandishi wa historia ya vita hawayahitaji na sisi hatuwezi kufanya kazi bila hayo. Rubani hutajwa. Makamanda hutajwa. Fundi aliyejaza mafuta, aliyebeba ngazi, aliyeifunga mikanda ya rubani na kuvuta vizuizi vya magurudumu hatajwi, ilhali kwenye diorama yeye ndiye anayehitaji kusimama mbele. Kwa skeli ya 1:72 mtu wa kimo cha kawaida ana urefu wa milimita 24 hivi, na katika milimita hizo inabidi uamue amevaa kofia gani, amekunja mikono ya shati au la, na amebeba nini. Boksi la dukani huwa na watu wa Ulaya waliovaa makoti mazito. Kuwachonga upya wawe vijana wetu waliovaa nguo za joto la Kanda ya Ziwa ni kazi inayowezekana kwa puti na sindano, endapo kuna mtu wa kutuambia walivaaje.

Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 25 vita vilipoanza amekwisha kuvuka 70. Baadhi yao wanaishi humuhumu Dodoma, Kongwa, Kondoa na Manyoni, wanalima na kulea wajukuu. Ombi langu kwa walimu wa historia wa sekondari, na kwa walimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, ni kwamba wanafunzi watumwe kwa wazee hawa kwa heshima na kwa idhini ya wahusika, wakae nao, wawasikilize, na kile wanachokipata wasikiishie kwenye daftari bali wakiunde kwa mikono. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeipa elimu ya amali nafasi ambayo haikuwa nayo, na sioni kazi ya amali inayokusanya pamoja hesabu za uwiano, useremala, rangi, uchongaji na historia ya nchi kama hii. Wala jambo hili si geni: mwaka 1942 Jeshi la Maji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule kutengeneza modeli 500,000 za ndege kwa skeli ya 1:72, zitumike kuwafundisha askari kutambua ndege za adui na zao, na vijana waliifanya kazi hiyo kwa mbao kwenye karakana za shule zao. Sisi hatuhitaji wingi huo. Diorama moja kwa wilaya, iliyofanywa kwa ukweli na kuwekwa mahali watu wanapoweza kuiona ifikapo Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, ingetosha kuanzia.

Gharama isimtishe mtu. Boksi la skeli ya 1:48 kutoka kwa watengenezaji wakubwa kama Eduard wa Jamhuri ya Cheki ni ghali kwetu ukiongeza usafirishaji na ushuru, na mimi mwenyewe namshauri anayeanza achukue 1:72, ambayo ni nafuu na haihitaji meza kubwa. Kitako, jasi, gundi ya mbao, katani na udongo vinapatikana hapa nchini, na seremala yeyote mzuri anaweza kutengeneza kitako cha sentimita 30 kwa 40 kutokana na masalia ya mbao yaliyobaki kwenye kazi nyingine.

Namalizia, Ndugu Mhariri, kwa kuwageukia moja kwa moja wazee wetu waliohudumia ndege hizo, kwa kuwa najua wengi wao husoma gazeti hili. Shikamooni. Mkiona inafaa, na pale ambapo kiapo chenu hakiwazuii, tunaomba mtujibu kupitia ukurasa huuhuu: Ngazi ya kupandia chumba cha rubani ilikuwa ya rangi gani? Vizuizi vya magurudumu vilikuwa vya mbao au vya chuma, na kamba yake ilifungwaje? Maji ya kunywa mliyaweka kwenye nini pale uwanjani? Mlikaa wapi kivulini mkisubiri ndege irudi?

Wenu,
Muundaji wa modeli,
Area C, Dodoma