Gata ikilegea, usikimbilie kununua mpya

Mhariri,

Kila vuli ikikaribia, watu hununua gata mpya, yaani mifereji ya kukingia maji ya paa, wasizozihitaji. Gata iliyoshuka tumbo katikati mara nyingi bado ni nzima. Kilichoshindwa ni braketi, yaani vishikio vinavyoibeba, au fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa zilikofungwa. Ukibadilisha gata na kuviacha hivyo viwili, masika utarudi pale pale.

Hesabu ni nyepesi. Gata ya plastiki ya nusu duara, upana sentimita 11, ikijaa inabeba karibu lita 5 kwa kila mita. Upande wa nyumba wenye mita 10 ni kilo 50 za maji, tope na majani ya mwembe bado. Mafundi wanaobana gharama hupachika braketi kila mita moja na nusu, kwa hiyo kila moja inaning'iniza zaidi ya kilo 7, huku plastiki imelainishwa na jua la mchana kutwa. Ikishaanza kushuka, maji hayatoki yote, yanayobaki yanatuamisha tope, na tope linaongeza uzito. Kwa mvua zetu weka braketi kila sentimita 60, na isikosekane moja ndani ya sentimita 15 kutoka kila kiungio na kila mwisho. Kwa mita 10 unahitaji kama 18. Nyumba nyingi zina 8.

Fishabodi ipimwe kwa bisibisi. Ichomeke nyuma ya braketi iliyolegea. Ikizama bila nguvu, ubao umeoza na hakuna skrubu itakayoshika hapo. Kata kipande kibovu hadi kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), uweke ubao mpya uliopakwa dawa na rangi pande zote, hasa upande wa nyuma usioonekana, maana unyevu huanzia huko. Misumari achana nayo. Ubao ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na msumari unatoka kidogo kidogo. Tumia skrubu zisizoshika kutu za milimita 40 hadi 50, mbili kwa kila braketi.

Kazi yenyewe inaanza na kamba. Shusha gata, ioshe, ufunge braketi ya mwisho wa juu, kisha ya upande wa bomba la kuteremshia maji ikiwa chini zaidi kwa milimita 5 kwa kila mita, yaani sentimita 5 kwa mita 10. Vuta kamba ikakaze kati ya hizo mbili na upange nyingine zote zikiigusa. Usiamini jicho wala mstari wa fishabodi, kwa sababu fishabodi nyingi zenyewe hazijanyooka. Upande ukizidi mita 12, sehemu ya juu ya mteremko iwe katikati na bomba liwe kila mwisho. Ukingo wa mbele wa gata uwe chini kidogo kuliko wa nyuma, ili mvua ikizidi maji yamwagike nje, yasirudi ukutani.

Plastiki hutanuka kwa joto: kipande cha mita 4 huongezeka karibu milimita 7 kati ya usiku wa baridi na jua kali juu ya bati. Acha nafasi hiyo ndani ya kila kiungio. Fundi akikisukuma kipande mpaka mwisho, gata itajikunja mchana wa kwanza wa kiangazi, na lawama zitaangukia kiwanda.

Kuna "matengenezo" mawili ninayoyaona sana na ambayo hayasaidii. La kwanza ni kufunga gata kwa waya kwenye papi, zile mbao zinazopigiliwa bati. Waya unaibana mahali pamoja na mteremko haurudi. La pili ni kutoboa tundu kwenye tumbo ili maji yatoke, ambapo tangi linakosa maji na msingi unalowana. Kuacha maji yasimame nako si salama, kwani mbu anayeeneza dengue hukua kwenye maji kidogo kama hayo kwa takriban wiki moja.

Ukimaliza, mwaga ndoo moja upande wa juu. Yakisalia maji mahali, legeza braketi ya hapo na uinyanyue milimita chache. Ngazi iegemee ukuta, kamwe isiegemee gata. Gata nyingi huanza kulegea siku ile ile zinaposafishwa.

Fundi wa mapaa,
Kibaha