Malalamiko Kuhusu Taa Mlizotukodishia kwa Mashindano ya Modeli Ndogo

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: TAA ZISIZOLINGANA NA MKATABA WA UKODISHAJI

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu. Ninakuandikia kwa niaba ya jopo la majaji wa mashindano ya modeli za skeli, yaani ndege, magari na vifaru vidogo vinavyoundwa kwa mikono, ambayo kampuni yako ilikubali kuyawekea taa Jumamosi iliyopita. Kazi hiyo haikufanyika kama tulivyoandikiana, na kwa sababu hiyo tuzo moja imekwenda kwa modeli isiyostahili, ilhali mimi ndiye niliyetia saini matokeo.

Mkataba unasema wazi kwamba kila meza ingepata taa mbili za kusimama, moja kila upande, zenye mwanga mweupe wa Kelvin 5,000 (kipimo cha rangi ya mwanga), pamoja na kipimo cha uhalisia wa rangi, yaani Ra, kisichopungua 90, na nguvu ya kufikisha luksi 1,000 (kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu) juu ya meza. Vipimo hivyo tulivitaja kwa sababu kazi yenyewe inavidai. Katika ndege ya skeli ya 1/72, yaani iliyopunguzwa mara 72, ufa wenye upana wa nusu milimita ni sawa na pengo la milimita 36 kwenye ndege halisi, na jaji ana dakika chache tu za kuubaini kabla hajahamia modeli inayofuata.

Badala yake, mafundi wenu walifunga taa za darini, tena nyuma ya mahali majaji wanaposimama, hivi kwamba kila jaji alipoinama kukagua, kivuli chake kiliifunika modeli aliyotaka kuiona. Nilipima kwa kifaa changu nikapata luksi 400 katikati ya meza na 150 pembeni. Nilipolalamika, fundi alinijibu kuwa taa za juu zina nguvu kuliko za mezani. Huenda ni kweli, lakini taa moja ikiwekwa mbali mara tatu, mwanga wake unaofika mezani hubaki takriban sehemu moja ya tisa, na hakuna nguvu ya balbu inayoweza kuondoa kivuli cha mtu aliyesimama katikati ya taa na kitu anachokiangalia.

Balbu zenyewe zilikuwa mchanganyiko. Juu ya baadhi ya meza mwanga ulikuwa wa manjano, na juu ya nyingine ulielekea ubuluu. Ndege mbili za kundi moja, zote zikiwa zimepakwa kijani cha zeituni, zilikuwa kwenye meza mbili tofauti. Moja ilionekana ya kahawia, nyingine ya kijivu. Tulizihamishia meza moja ndipo tukagundua kwamba rangi zao hazikutofautiana hata kidogo. Kufikia wakati huo jaji mmoja alikuwa amekwisha kuandika alama zake, na ilibidi tumwombe azifute aanze upya.

Linaloniuma zaidi ni la ndege ya skeli ya 1/48 iliyopewa nafasi ya kwanza. Baada ya zawadi kutolewa, mwenyewe aliibeba hadi karibu na dirisha ili aipige picha. Mwanga wa jua ulipoipiga bawa kwa ubavu, stika zake zote ziling'aa kama magamba ya samaki, kwa sababu hewa ilikuwa imenaswa chini yake wakati wa kubandika. Hiyo ni miongoni mwa kasoro za kwanza ambazo kila jaji hufundishwa kuzitafuta, na majaji 3 waliipita bila kuiona. Aliyeshika nafasi ya pili alikuwa amesimama hapo hapo, akatazama bawa lile, kisha akanitazama mimi. Hakusema neno. Mtu huyo alikuwa ameniambia asubuhi kwamba kazi yake ilimchukua miezi 7, na sikuwa na la kumjibu.

Nitaje pia kwamba taa za upande wa mlango zilikuwa zikipepesa. Jicho halikuliona hilo moja kwa moja, lakini picha za simu zilitoka na michirizi myeusi, na majaji wawili waliumwa na kichwa kabla ya saa tatu za kukagua kwisha.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, mturudishie nusu ya ada tuliyolipa, kwa kuwa taa zilizoainishwa hazikuletwa. Pili, mtuandikie barua inayokiri kwamba taa zilizofungwa hazikuwa zile za mkataba, ili tuwasomee washiriki, maana kwa sasa wanaamini kwamba uzembe ulikuwa wa majaji. Tatu, kama mnataka kuendelea kufanya kazi nasi, fundi atakayetumwa aje siku moja kabla, asimame mahali anaposimama jaji, na apime mwanga wa kila meza mbele yangu kabla modeli ya kwanza haijawekwa.

Nimeambatisha nakala ya mkataba, vipimo vya luksi vya kila meza, na picha mbili za bawa lile, moja chini ya taa zenu na nyingine dirishani. Nategemea majibu yako kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wako mwaminifu,

Mratibu wa Jopo la Majaji