Mafunzo ya bodi wanahudhuria wakurugenzi

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wako miaka mingi bila kukuandikia, ila habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu mafunzo ya utawala bora kwa wajumbe wa bodi za asasi imenikera. Katika picha mliyoitoa, waliojaa ukumbini ni wakurugenzi watendaji na maofisa miradi. Wajumbe wa bodi wenyewe walikuwa wapi?

Mimi ni mjumbe wa bodi ya asasi ndogo hapa Morogoro inayosomesha yatima. Hatulipwi; tunapewa nauli na chai. Lakini mambo yakiharibika, wa kwanza kuulizwa ni sisi. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inataka taarifa ya kazi ya kila mwaka, na hesabu zikaguliwe. Kanuni za 2018 zikaongeza kuwa mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 ufikishwe kwa Msajili wa mashirika hayo. Tunasaini, na wengi wetu hatujawahi kuelekezwa namna ya kusoma mizania, yaani karatasi inayoonyesha mali na madeni ya asasi.

Kikao chetu cha kufunga mwaka, makabrasha tuligawiwa pale pale mezani, chai ikimiminwa. Mjumbe mwenzetu, muuguzi mstaafu, akapitisha kidole kwenye taarifa ya fedha, akakuta mafuta ya jenereta. Akauliza, "Jenereta ipi? Si juzi tu umeme umekatika tukakaa gizani humu humu?" Mkurugenzi akamjibu, "Mama, hayo ni ya kitaalamu, mkaguzi ameshapitia, na mfadhili hana tatizo." Mwenyekiti akatazama saa, akasema twende ajenda inayofuata. Nilipodai swali liingie kwenye muhtasari, nikaambiwa nisivuruge umoja. Umoja gani huo? Fedha ni za watoto, na kazi ya kwanza ya bodi ni kuuliza zimekwenda wapi! Muhtasari ulipotoka, swali halimo. Kikao kilichofuata yule mama hakuonekana. Tukaambiwa taarifa ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp, na mama wa watu simu yake ni ya vitufe.

Halafu makabrasha yenyewe yote ni ya Kiingereza. Mkurugenzi Mtanzania, mkaguzi Mtanzania, mtoto anayelipiwa ada Mtanzania, ila hesabu zimeandikwa kwa ajili ya mfadhili. Mezani pana mzee aliyekuwa mweka hazina wa chama cha ushirika, aliyezoea kusomea wakulima hesabu zao kwa Kiswahili mpaka senti ya mwisho. Leo ananyamazishwa na lugha.

Mafunzo ninayoyataka yafanyike Jumamosi, ofisini kwa asasi, bila projekta. Mezani ziwekwe vocha, yaani hati za malipo, za miezi mitatu, taarifa ya benki ya miezi hiyo hiyo na katiba ya asasi. Mkurugenzi akae nje mpaka aitwe. Kila mjumbe achague vocha moja, aifuate mpaka kwenye risiti ya duka. Asiyeweza kuonyesha kifungu cha katiba kinachosema nani anamwajiri mkurugenzi na nani anamwondoa, asipewe kalamu ya kusaini hesabu. Msajili naye adai orodha ya wajumbe waliopata mafunzo hayo pamoja na taarifa ya mwaka.

Na mwandishi wenu akialikwa tena kwenye semina ya namna ile, aombe karatasi ya mahudhurio, atuandikie ni wangapi waliosaini wakiwa wajumbe wa bodi.

Mjumbe wa bodi,
Morogoro