Mkanda unalia asubuhi? Usikimbilie kununua mwingine

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi unawasha gari, na mtaa mzima unajua umeamka. Kwiiii! Sekunde tano, sita, kisha kimya. Majirani wamezoea, na wewe umejifunza kuongeza sauti ya redio. Wateja wengi wanaotufikia hapa karakana Tabata wameishi na mlio huo miezi kadhaa, na wanapokuja wanakuja na jibu mkononi: "Fundi, nibadilishie feni belti." Wengine wameshapita maduka ya spea ya Gerezani wakaununua kabisa.

Tunaupokea mkanda, tunauweka pembeni, kisha tunafungua boneti.

Hilo jina la feni belti lenyewe limebaki tu kwa mazoea. Kwenye magari mengi madogo ya sasa, feni ya rejeta inazungushwa na mota ya umeme. Mkanda unazungusha alteneta inayochaji betri, kompresa ya AC, mara nyingi pampu ya maji, na pampu ya pawa stering kwa gari linalotumia ya mafuta. Unalia pale unapoteleza juu ya puli mojawapo, yaani magurudumu unayopitia, au unapoingia kwenye puli kwa upande. Kwa hiyo sisi tunatafuta anayeusumbua.

Kwa nini asubuhi? Starta imekula chaji ya betri, kwa hiyo gari likiwaka tu alteneta inaanza kuirudisha na inakuwa nzito kuzungushwa. Ongeza unyevu wa usiku juu ya mpira uliopoa. Mkanda uliolegea hauwezi kuvuta mzigo huo, unateleza. Baada ya muda mfupi mzigo unapungua, mpira unapata joto, kelele inakata, na mwenye gari anaamini limejitibu.

Kabla hujatuletea, sikiliza. Mlio mrefu unaotokea ukiwasha AC, au ukikata usukani hadi mwisho, ni wa mkanda unaoteleza chini ya mzigo, na umeshatuonyesha pa kuanzia. Mlio mfupi mfupi kama wa kifaranga, unaokwenda na mwendo wa injini gari likiwa kwenye sailensa (linawaka bila kukanyaga mafuta), kwa kawaida ni wa puli zisizokaa kwenye mstari mmoja. Ukisikia mkwaruzo au mngurumo usiobadilika kwa lolote, tunaishuku beringi: ya alteneta, ya pampu ya maji au ya puli ya tensha, kile kifaa kinachoukaza mkanda. Hapo hata ukifunga mkanda wa dhahabu kelele iko palepale.

Tuna kipimo kimoja ambacho wateja hudhani ni mzaha: chupa ya maji. Injini ikiwa kwenye sailensa, tunanyunyiza maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji. Kelele ikikata kisha ikarudi baada ya muda mfupi, puli hazijapangana sawa. Ikizidi papo hapo, mkanda unateleza: umelegea, umechoka, au tensha imeishiwa nguvu. Ukitaka kujaribu nyumbani, vua tai, kunja mikono ya shati, na vidole vikae mbali. Mkanda hauna huruma.

Kipimo hicho ndicho kilichotusaidia kwa dada mmoja mwenye Toyota IST. Alikuwa ameshafungiwa mikanda mitatu kwingine ndani ya mwaka mmoja, na kila mmoja ulikaa kimya wiki mbili tu. Tukanyunyiza maji: kimya, halafu kile kifaranga kikarudi. IST yake ina injini ya 1NZ-FE, na kwenye injini hiyo hakuna tensha ya kujikaza yenyewe. Mkanda unakazwa kwa kuisogeza alteneta, halafu bolti zake zote zinafungwa. Kumbe bolti ya chini, ile alteneta inayoegemea, iliachwa bila kukazwa. Alteneta ilikuwa imeinama kidogo sana, kwa jicho huoni, lakini mkanda ulikuwa unaingia kwenye puli kwa upande na kujila ukingoni. Tulipanga puli, tukakaza bolti, tukamfungia mkanda wa nne. Kazi kubwa ilikuwa kumshawishi kwamba safari hii hatarudi.

Toyota Premio au Wish yenye injini ya 1ZZ-FE ni habari nyingine. Ina tensha inayojikaza yenyewe, na ikichoka, mkanda mpya utalia kama ule wa zamani.

Sasa tuseme ukweli kuhusu sabuni, mshumaa na zile dawa za kupulizia mkanda. Zinanyamazisha, hatukatai, na kuna gari zimeuzwa kwa mtindo huo. Lakini zinakamata vumbi, na vumbi la barabara zetu likichanganyika na utelezi huo linageuka msasa. Oili nayo ni adui. Kama gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, inavuja na matone yanafika kwenye mkanda, tunaziba uvujaji kwanza. Vinginevyo tunakuuzia mkanda wa kuharibu.

Ukienda kununua mwenyewe, soma namba mgongoni mwa mkanda. 6PK1230 maana yake mifereji sita, urefu milimita 1,230. Usikubali "huu unaingia tu bosi". Na usiupime mkanda kwa nyufa peke yake: mikanda mingi ya siku hizi ni ya mpira aina ya EPDM, ambao hauchaniki upesi kama wa zamani. Unalika taratibu ndani ya mifereji, ukiutazama unaona mzima. Sisi tunapima kina cha mifereji kwa kigeji kidogo cha plastiki, na tunakuonyesha.

Mlio wa sekunde chache baada ya kupita kwenye dimbwi wakati wa masika usikuogopeshe. Ila taa ya betri ikiwaka kwenye dashibodi huku mshale wa joto unapanda, simama pembeni na uzime injini. Huenda mkanda umekatika, pampu ya maji haizunguki, na kilomita mbili za "nifike tu nyumbani" zinatosha kukuharibia gasketi ya silinda hedi.

Kwa uchunguzi, tunahitaji kulisikia gari likiwa la baridi. Kama linalia asubuhi tu, liache kwetu jioni; tutaliwasha kesho yake kabla ya saa moja, na tutakupigia simu kukueleza kilichopatikana na bei yake kabla hatujafungua bolti yoyote. Usilioshe injini siku hiyo, na tafadhali, usilipake sabuni.