Serikali ikilipia shule ya awali, ilipie walimu kwanza

Mhariri,

Salamu. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Nimekuwa nafuatilia wasomaji wenzangu wanavyobishana kuhusu serikali kugharamia shule ya awali, kuna wanaosema ni kumwaga hela kwa watoto wanaoenda kucheza tu, na kuna wanaotaka mtoto wa miaka minne akitoka hapo awe anasoma na kuandika ndo aende kindagateni, yaani darasa linalofuata kabla ya la kwanza, kifua mbele, na mi naona wote wanazunguka pembeni ya jambo lenyewe kwa sababu hakuna anayeuliza huyo mtoto humo darasani atakuwa na nani.

Kulipia, serikali ilipie, hapo sina ubishi. Mwenye uwezo wake anamlipia mwanawe akiwa na miaka mitatu, asiye nacho anamwacha kwa dada mtu au bibi akiomba Mungu, wakikutana siku ya kwanza ya shule mmoja ameshazoea kukaa mduara na kusikiliza hadithi mpaka iishe, mwenzake ndo kwanza anashangaa kelele. Nchi za dunia zilishakubaliana mwaka 2015 kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu kwamba ikifika 2030 kila mtoto apate elimu ya awali iliyo bora, na Ufaransa tangu 2019 shule ni lazima kuanzia miaka mitatu. Sasa hilo neno bora ndo huwa linarukwa bajeti ikisomwa.

Mfano unaopendwa na wanasiasa ni ule wa mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani. Kuanzia 1962 walichukua watoto 123 wa familia maskini za watu weusi, 58 wakapelekwa shule ya awali na 65 hawakupelekwa, afu wakafuatiliwa miaka na miaka mpaka wana umri wa miaka 40, ikaonekana wale waliosoma wengi zaidi walimaliza sekondari, kipato chao kilikuwa kizuri zaidi na waliokamatwa na polisi walikuwa wachache kuliko wenzao. Safi sana. Ila anayeutaja huo mfano haongezi kwamba darasa la watoto ishirini na kitu lilikuwa na walimu wanne, wanasoma kama masaa mawili na nusu asubuhi basi, na kila wiki mwalimu anaenda nyumbani kukaa na mzazi na mtoto saa moja na nusu. Unachukua matokeo ya walimu wanne unampa mwalimu mmoja na watoto hamsini, halafu unasubiri nini? Na kingine, zile alama za vipimo vya akili zilizopanda mwanzoni hazikudumu, baada ya miaka michache walikuwa sawa tu na ambao hawakusoma, lakini maisha yao ndo yakaja kupishana, yaani kilichowasaidia hakikuwa hesabu na herufi walizowahi kabla ya wenzao.

Upande wa pili kuna Tennessee, hukohuko Marekani. Jimbo linalipia awali, waombaji wakawa wengi kuliko nafasi, ikapigwa bahati nasibu, kwa hiyo watafiti wakawa na watoto waliopata na waliokosa wa kuwalinganisha vizuri kabisa. Matokeo yaliyotoka 2022 yalikuwa ya kushtua, kufika darasa la sita waliopata nafasi walikuwa chini kidogo kimasomo na wenye makosa mengi zaidi ya nidhamu kuliko waliokosa. Wapinzani wa awali wanapenda sana kuutumia huu utafiti, lakini mi siuoni kama unasema tufunge shule, naona unasema kumwingiza mtoto darasani peke yake haitoshi, inategemea anakutana na nini mle ndani.

Sasa ngoja niseme ninavyoelewa mimi mtoto aliye tayari. Anajua kusema nimebanwa kabla hajajikojolea. Anavaa viatu hata kama vimepishana. Anaachana na mama yake mlangoni, akilia analia kidogo anatulia. Akiambiwa subiri zamu yako anasubiri, kwa shida, lakini anasubiri. Kuhusu hesabu, wapo watoto wanakuimbia moja mpaka mia bila kupumua, wazazi wanapiga makofi, mwambie niletee vikombe vitatu anakuletea vyote vilivyopo. Yule anayeleta vitatu ndo anajua kuhesabu jamani, hata kama anaishia kumi.

Na haya hayafundishwi kwa kupiga kelele mbele ya ubao. Angalieni watoto wawili wanaogombea ndoo moja kwenye mchanga. Mwalimu mwenye watoto kumi anachuchumaa pale, anamwambia huyu mwambie mwenzio naomba ukimaliza, anamgeukia yule anamuuliza bado mara ngapi umpe, anasimama hapohapo mpaka ndoo ibadilishe mikono. Dakika tatu zimeenda na hapo kuna lugha, kuna hesabu, kuna kujizuia. Mwenye watoto hamsini ataichukua hiyo ndoo aifungie kabatini, na wala simlaumu.

Marekani programu yao ya Head Start ilipoanza 1965 walijua pia kwamba mtoto mwenye njaa au jino linalouma hafundishiki, wakaweka chakula na vipimo vya afya humohumo. Siyo anasa ile.

Kwa hiyo wakubwa wakija kutuambia wamejenga madarasa kadhaa ya awali, nyinyi waandishi waulizeni kila darasa lina walimu wangapi na watoto wangapi, na mwalimu wa awali analipwa sawa na wa darasa la juu au anapewa kilichobaki. Sehemu nyingi analipwa kidogo kuliko wote shuleni, akipata nafasi ya kuhamia madarasa ya juu anakimbia, watoto wanabaki na mgeni mwingine katikati ya mwaka na wanaanza kulia upya mlangoni. Hayo majibu yakichapishwa ndo tutaweza kubishana vizuri kama hela inapotea au haipotei.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa watoto wadogo