Kinga ya meno isiyomkaa mchezaji haimkingi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na makocha, walimu wa michezo na wazazi wenzangu wa hapa Malindi. Msimu wa raga na magongo unapoanza, vijana wetu hununuliwa kinga za meno za saizi moja, zikagawanywa uwanjani kama soksi, na mazoezi hayajafika mbali utaziona zimeingia mifukoni. Kijana hukemewa kuwa ni mkaidi. Mimi naona anaonewa, kwa sababu kinga inayolegea humlazimu mchezaji kuiuma muda wote isimdondoke, na aliyeuma meno hapumui vizuri kwa kinywa wala hawezi kumwita mwenzake ampe mpira.

Kazi ya kifaa hiki ni kuyashika meno ya juu, hasa ya mbele ambayo ndiyo huumia zaidi, na kuitawanya nguvu ya pigo isiliangukie jino moja. Huzuia pia midomo na mashavu yasichanwe na meno. Ikiwa inacheza mdomoni, haya yote hayafanyiki sawasawa. Wapo wanaoamini kwamba huzuia na mtikisiko wa ubongo. Hilo halina uthibitisho wa kutosha, na kijana aliyegongwa kichwa atolewe uwanjani hata kama ameivaa.

Iliyo bora ni ile inayotengenezwa na daktari wa meno kwa chapa ya meno ya mchezaji mwenyewe, lakini gharama yake ni mzigo kwa wengi wetu. Ipo nyingine ya bei nafuu, inayolainishwa kwa maji ya moto kisha ikaumwa ili ichukue umbo la meno, na hiyo ndiyo ninayoitetea, mradi isifanywe kwa pupa. Mtoto akiambiwa aume kwa nguvu, plastiki hubanwa ikabaki nyembamba mno pale panapohitaji unene wa milimita 3 hivi. Aume taratibu, avute hewa na mate ndani, aisukume kwa ulimi kutoka upande wa kaakaa, huku akiibana kwa vidole juu ya midomo na mashavu mpaka ishike, ndipo itiwe kwenye maji baridi. Ikimtia kichefuchefu, huenda ni ndefu mno kwa nyuma. Ipunguzwe kwa mkasi, ila iendelee kufunika magego ya kwanza, na kingo zilainishwe zisimchubue ufizi. Afungue kinywa, aseme maneno mawili matatu, anywe maji. Ikianguka, haijakaa, na kazi ianze upya kwa kufuata maelezo yaliyokuja nayo.

Watoto wa shule ya msingi meno yao bado yanaota, kwa hiyo iliyowakaa mwaka jana isichukuliwe kuwa itawakaa mwaka huu. Aliyefungwa nyaya za kunyoosha meno apelekwe kwa daktari kwanza. Halafu kuna joto letu la pwani: kinga iliyoachwa juani au ndani ya gari lililofungwa hupinda, na mchezaji huirudisha kinywani bila kujua kwa nini sasa inamuumiza. Ioshwe kwa maji yasiyo ya moto, iwekwe kwenye kijaluba chenye matundu, wala asiazimwe mtu.

Ombi langu kwa shule na vilabu ni kutenga alasiri moja kabla ya mechi ya kwanza kwa kazi hii peke yake, kila mchezaji akaguliwe kinywa chake na asiharakishwe. Idara ya afya ya Kaunti ya Kilifi nayo ituletee mhudumu wa meno siku hiyo, maana kocha anajua mchezo lakini hakusomea taya. Chupa za maji ya moto, makarai na mikasi sisi wazazi tunaweza kuvileta.

Mzazi wa mchezaji,
Malindi