Kisiwa ndani ya jina la shaba

Lubumbashi

Kaka yangu,

Yambo sana. Barua yako ya Bukavu imenifikia, na swali la binti yako limenifurahisha kuliko habari zote ulizoniandikia. Anataka kujua kwa nini shaba kwa Kiingereza ni copper, halafu mwalimu wa kemia anaandika Cu. Mwalimu yuko sawa. Cu ni ya Kilatini, cuprum, na copper yenyewe ilizaliwa humo humo, sawa na cuivre ya Kifaransa tunayoisikia hapa kila siku.

Utamu uko nyuma zaidi. Warumi walikuwa na neno aes, la shaba na hata la shaba iliyochanganywa na bati. Ile iliyotoka Kipro, kisiwa cha Barnaba wa Matendo ya Mitume, waliiita aes Cyprium, yaani shaba ya Kipro, maana migodi ya huko iliwapa nyingi. Baadaye wakaona uvivu wa kusema yote mawili. Aes ikaachwa, likabaki jina la kisiwa peke yake, mwishowe cuprum. Wagiriki walikiita kisiwa hicho Kypros, lakini shaba kwao ilikuwa khalkos, na hiyo ndiyo imo katika chalcopyrite, jiwe lenye shaba ambalo mainjinia wa mgodi wa Kipushi wanalijua vizuri. Malachite, lile jiwe la kijani lenye shaba, nayo ni ya Kigiriki, kutokana na mmea wa majani ya kijani. Wanaotuchongea tembo kwa jiwe hilo hawana haja ya kulijua hilo, na bei hawapunguzi. Kobalti, madini mengine ya kwetu, usiitafute huko: ni ya Kijerumani, Kobold, zimwi lililosingiziwa kuwachezea wachimbaji.

Kinachonichekesha ni hiki: kule kisiwa kiliyapa madini jina, huku kwetu madini yakalipa jimbo jina. Mwaka 1971 Mobutu aliifanya Katanga kuwa Shaba, na ikabaki hivyo hadi 1997. Sisi tuliozaliwa katikati ya miaka hiyo, karatasi zetu zinasema tulizaliwa Shaba, kama vipande vya waya!

Binti akiendelea na Au ya dhahabu na Fe ya chuma, mwambie ni Kilatini pia, aurum na ferrum. Ila gold na iron hazikutoka humo, basi hizo azikariri tu.

Nisalimie mama watoto.

Ndugu yako